Dohani, Meko na Ua: Historia ya Moto wa Nyumbani katika Dar es Salaam na Istilahi Zake

Mfasiri yeyote aliyewahi kukabidhiwa kanuni za ujenzi wa nyumba ili azitie katika Kiswahili atakubali kwamba kazi huenda vizuri mpaka afike penye moto. Msingi, ukuta, boriti, kenchi, dari na paa vina majina yake, na fundi wa Kariakoo huyatamka bila kusita. Lakini kanuni zianzapo kueleza mahali pa moto ndani ya nyumba, na njia ya kuupandisha moshi hadi juu ya paa, kalamu huzubaa. Wako waandikao dohani, wako waandikao bomba la moshi, na wako wanaokimbilia chimni. Mahali penyewe pa moto huitwa jiko, ilhali jiko ni chombo, ni chumba, na katika lugha ya harusi ni mke pia, maana aliyeoa husemwa kuwa amepata jiko.

Si nia ya makala haya kumlaumu mfasiri huyo, wala kusema kwamba Kiswahili ni lugha maskini. Lugha hupungukiwa na maneno mahali ambapo wenyewe hawakuyahitaji, na yafaa tuulize kwa nini hawakuyahitaji kabla ya kukaa kuyatunga. Jibu tutakalolieleza hapa ni kwamba watu wa pwani, na wa Dar es Salaam hasa, walijikinga na moto kwa kuuchagulia mahali, si kwa kuujengea njia. Kwa hiyo msamiati wao wa moto ni msamiati wa mahali na wa matendo. Mahali penyewe sasa panatoweka katika mitaa ya katikati ya mji, na hilo ndilo linaloifanya shughuli hii ya istilahi kuwa zaidi ya mchezo wa kamusi.

Tuanze na neno dohani. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya moshi. Katika kamusi za zamani, kama ile ya Madan ya mwaka 1903 na ile ya Johnson ya mwaka 1939, limefungamana na chombo cha baharini: merikebu ya dohani ndiyo merikebu iendayo kwa nguvu ya mvuke. Hapana ajabu katika jambo hili. Meli za barua za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida za kufika Unguja mwaka 1872, na meli za Kijerumani za Deutsche Ost-Afrika Linie zilifuata mwaka 1890. Mtu aliyesimama ufukoni mwa bandari ya Dar es Salaam katika miaka hiyo aliweza kuziona dohani nyingi kwa siku moja, zikiwa nyeusi na ndefu, ilhali nyuma yake, katika mji mzima wa wenyeji, hapakuwa na nyumba yenye dohani. Neno likashuka kutoka melini na kubaki gatini.

Kamusi hizo hizo zinalitaja neno dohani kwa maana ya pili, ambayo wengi wetu tumeisahau, nayo ni kikapu kirefu, jamii ya tenga, chembamba chini na kipana juu, kilichosukwa kwa fito na makuti ili kupelekea matunda sokoni. Bila shaka ni umbo lililolihamisha jina. Wachukuzi wa maembe na machungwa walikuwa na dohani zao, na mabaharia walikuwa na zao. Wapishi peke yao ndio waliokosa.

Lililo la kushangaza zaidi ni kwamba Waingereza nao walituletea neno lao la dohani, na sisi tukalipokea, lakini hatukulipeleka jikoni. Tulilipeleka kwenye taa. Chemni katika Kiswahili ni kile kioo cha taa ya mafuta kinachouzunguka utambi na kuupandisha moshi wake juu. Aliyelipokea neno hili kwa mara ya kwanza hakukosea hata kidogo: kioo cha taa hufanya kazi ile ile ya dohani ya nyumba, yaani kuivuta hewa kutoka chini, kuutuliza mwali na kuutoa moshi kwa juu. Basi Kiswahili kilipokea maneno mawili ya kitu kimoja, moja kutoka Uarabuni na moja kutoka Uingereza, kikalipa la kwanza kazi ya meli na la pili kazi ya taa, na nyumba ikaachwa bila neno. Ndiyo sababu sioni faida ya kuandika chimni katika kanuni za ujenzi. Mzee aliyekua akifuta masizi ya chemni kila jioni atadhani anaambiwa habari za kandili.

Moshi wenyewe ulikuwa na bahati kubwa katika istilahi za usafiri. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, na chombo kilichopita juu ya reli hiyo kikaitwa gari la moshi, kwa sababu moshi ndio ulioonekana kwanza. Injini za mvuke zikaondoka, zikaja za dizeli, na tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakwenda Morogoro na Dodoma kwa reli mpya, lakini wako wanaoendelea kuliita garimoshi hata lisipotoa moshi kabisa. Istilahi ikishazoeleka haiulizi tena sababu ya kuzaliwa kwake. Jambo hili tutalirudia, kwa maana lina upande wake wa hatari.

Sasa tuingie nyumbani. Kabla Sultani Majid bin Said hajaanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, palikuwapo hapa kijiji cha Mzizima, cha wavuvi na wakulima. Nyumba za vijiji vya namna hiyo zilikuwa za miti na udongo, zikaezekwa makuti. Makuti makavu hushika moto upesi, na upepo wa kaskazi au wa kusi huweza kuirusha cheche moja kutoka paa hadi paa kabla mtu hajafika kisimani. Hata hivyo moshi wa mafiga ulikuwa na kazi yake katika nyumba hizo: uliyakausha makuti, ukawafukuza wadudu walao miti, na ukapata njia yake wenyewe kwa kupenya katika uwazi ulioachwa kati ya ukuta na paa. Dohani katika nyumba ya namna hiyo ingekuwa hasara mara mbili, kwanza kwa kuuondoa moshi uliotakiwa, na pili kwa kupitisha mfereji wa joto katikati ya makuti.

Mahali pa kuwasha moto ndipo palipokuwa na sheria. Katika nyumba za mawe za Lamu jiko lilipandishwa juu, katika sehemu iliyoitwa kidari cha meko, ili moshi na joto viende zao angani bila kupita vyumbani. Katika nyumba za udongo za Mrima moto ulisukumwa nyuma, uani. Njia hizi mbili zinaonekana kupingana, moja ikipanda na nyingine ikirudi nyuma, lakini busara yake ni moja: moto uwekwe mahali ambapo juu yake hapana kitu cha kuungua wala mtu wa kusongwa na moshi. Ua ulio wazi ni dohani pana kuliko zote, isiyohitaji fundi wala kusuguliwa masizi.

Tazama basi utajiri wa msamiati uliokua katika ua huo. Mawe matatu ya kuinjikia chungu ni mafiga, na mahali pengine mafya. Na methali husema jifya moja haliinjiki chungu. Chungu huinjikwa, kisha huepuliwa. Moto huwashwa, hukokwa, huchochewa, hupulizwa. Kaa la moto hupaliwa kutoka jiko la jirani, na anayejiletea balaa husemwa amejipalia makaa. Kipande cha ukuni kinachowaka ncha ni kijinga. Makumbi na vifuu vya nazi ni vya kuwashia, na kuni za mikoko husifiwa kwa joto lake. Meko ni wingi wa jiko, kama vile meno yalivyo wingi wa jino, na mekoni ni mahali pa mapishi makubwa, ya harusi au ya matanga. Lugha yenye haya yote haikosi maneno ya moto. Inakosa maneno ya kitu kimoja tu, yaani mfereji wa moshi upitao ndani ya ukuta, kwa kuwa kitu hicho hakikuwapo.

Huko Ulaya mambo yalikwenda kinyume, na kulinganisha kidogo kutatusaidia. Baridi iliwalazimisha watu kuuleta moto ndani, karibu na kitanda, na kwa hiyo wakalazimika kuujengea njia. Dohani ikawa alama ya nyumba yenyewe. Nchini Uingereza, kati ya mwaka 1662 na 1689, serikali ilitoza kodi ya shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko, na wakadiriaji wakawa wanapita wakihesabu. Mwezi Septemba 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate wa mtaa wa Pudding Lane ukauteketeza mji wa London kwa siku kadhaa, na sheria ya mwaka 1667 ikaagiza nyumba zijengwe kwa matofali au mawe. Kanuni nyingi za dohani ambazo watafsiri wetu wanapambana nazo leo zina mizizi katika hofu ya miji kama hiyo. Wajerumani walipotaka kodi ya nyumba katika Afrika ya Mashariki, kwa amri ya mwaka 1897 iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, hawakuhesabu meko. Walihesabu vibanda. Si ajabu, kwa kuwa mkadiriaji asingeingia uani kwa watu kuhesabu mafiga, na mafiga yenyewe yangehamishwa kabla hajabisha hodi.

Mji wa Dar es Salaam ulipofanywa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891, kanuni za ujenzi zilitolewa mwaka huo huo, na sehemu ya karibu na bandari ikatengewa majengo ya kudumu ya namna ya Kizungu. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliugawa mji katika kanda tatu: moja ya majengo ya namna ya Kizungu, moja ya maduka na makazi, na ya tatu ya nyumba za wenyeji. Kariakoo ilikuwa katika kanda ya tatu, ng'ambo ya uwanda wa Mnazi Mmoja. Jina lenyewe linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilichotumia eneo hilo baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Kanda hizo zilitetewa kwa maneno ya afya na ya aina ya vifaa vya ujenzi, ingawa kila mtu alijua kwamba ziligawa watu kwa rangi. Kwa shabaha yetu inatosha kuona kwamba ziligawa pia moto. Kandokando ya Bahari ya Hindi, katika nyumba za maofisa, jiko mara nyingi lilikuwa banda la pekee nyuma ya nyumba, likiwa na jiko la chuma la kuni na dohani yake fupi. Mzungu aliyekulia mbele ya meko ya sebuleni alifika pwani akafanya kama Mswahili, akautoa moto nje. Meko ya kuotea moto, yenye dohani ya matofali, aliyajenga milimani, Lushoto na Iringa, kulikokuwa na baridi.

Nyumba iliyoenea Kariakoo ndiyo ile tuliyozoea kuiita nyumba ya Kiswahili. J. A. K. Leslie, katika uchunguzi wake wa mji uliochapishwa mwaka 1963, aliieleza kuwa ndiyo nyumba ya kawaida ya Mwafrika wa Dar es Salaam. Mbele ina baraza, katikati ukumbi mrefu, kando zake vyumba vitatu vitatu, na nyuma ua wenye jiko, bafu na choo. Paa lilianza kwa makuti, likaendelea kwa madebe ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa, likaishia kwa bati. Msomaji aitazame ramani hiyo kwa jicho la mtu wa zimamoto. Chanzo cha moto kipo mwisho kabisa, nyuma, chini ya anga. Ukumbi unakwenda moja kwa moja hadi mlango wa mbele, na hakuna chumba kilicho mbali na mlango huo kwa hatua nyingi. Mwandishi wa kanuni angeweza kuandika kurasa kadhaa asifikie unyofu wa mpango huo.

Mpango huo haukuvunjwa na moto mkubwa wala na amri ya serikali. Ulivunjwa na jiko lenyewe. Mafiga hayahami, mtu huyafuata. Lakini makaa yalipochukua nafasi ya kuni mjini, na mafundi wa Gerezani wakawa wanagonga majiko ya bati ya kubebwa kwa mkono, moto ukapata miguu. Seredani ilikuwapo zamani, tena maarufu, lakini ilikuwa ya watu wachache. Jiko la bati lilikuwa la kila mpangaji. Katika nyumba ya vyumba sita yenye familia sita, palikuwa na majiko sita, na mvua za masika ziliponyesha majiko hayo yalirudi ukumbini, na pengine chumbani, karibu na pazia na chandarua. Majiko yenye bakuli la udongo ndani, yaliyoanza kuenea katika miaka ya 1980 ili kupunguza matumizi ya makaa, yaliongeza sifa nyingine: hayachomi sana kwa nje, kwa hiyo ni mepesi zaidi kuingizwa ndani. Neno halikubadilika. Jiko la mafiga lililokuwa uani na jiko la bati lililo chini ya kitanda yote yanaitwa jiko, na amri ya "moto uwashwe jikoni" ikapoteza maana bila mtu kugundua.

Kisha ua wenyewe ukaondoka. Tangu miaka ya 1990 nyumba za chini za Kariakoo zimebomolewa moja baada ya nyingine, na viwanja vyake vikajengwa maghorofa yenye maduka chini, stoo za bidhaa juu yake, na makazi juu zaidi. Kiwanja ni kile kile, lakini jengo limekijaza mpaka mpakani. Palipokuwa na anga ya kutokea moshi pana ngazi. Mpishi aliyekuwa nyuma ya nyumba sasa yupo ghorofa ya nne, katikati ya jengo lililojaa maboksi na nguo za plastiki, akiwa na mtungi wa gesi au jiko la makaa katika chumba chenye dirisha moja.

Hapa ndipo istilahi inapoanza kuwa suala la uhai. Kila moja ya nishati hizo ina hatari yake, na lugha yetu inazichanganya zote katika neno moshi. Wahenga walisema penye moshi hapakosi moto, na sisi tumeigeuza kimyakimya tukaamini kwamba pasipo moshi hapana hatari. Makaa yaliyokolea hayatoi moshi wa kuonekana, na kwa sababu hiyo husifiwa kuwa ni safi. Lakini yakiwaka mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hulegea, husinzia, na asipotolewa nje hufa akidhani amelala. Gesi ya mtungi nayo ina tabia nyingine: ikivuja ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutanda sakafuni, hata kama dirisha la juu liko wazi. Dohani haisaidii kitu kwa gesi iliyovuja. Linalotakiwa ni tundu la chini, usawa wa sakafu. Anayetafsiri maelekezo ya usalama akaandika kwa jumla "chumba kiwe na sehemu ya kutolea moshi" ameacha kumwonya mwenye makaa, na amempotosha mwenye mtungi.

Kwa hewa ya makaa, waandishi wa magazeti hutumia hewa ya ukaa, ambalo tayari limeshika kazi ya kutaja kaboni dioksidi katika habari za tabianchi. Kulitumia neno moja kwa hewa mbili, moja tunayoitoa kila tunapopumua na nyingine inayoua chumbani kwa usiku mmoja, ni kosa ambalo halifai kuachwa likomae. Kitaalamu tuseme kaboni monoksidi. Katika mabango na redioni, ambako neno hilo litapita masikio bila kuingia, naona yafaa tuseme sumu ya makaa. Neno sumu halina utata kwa Mswahili yeyote, na neno makaa linamwonyesha chanzo chake pale alipo.

Turudi kwenye dohani. Majengo mapya hayawezi kurudishiwa ua, kwa hiyo msamiati wa njia ya moshi, tuliouishi bila kuuhitaji, sasa unahitajika kwa mikahawa ya ghorofani, kwa watengenezaji wa mikate na kwa nyumba zenyewe. Maoni yetu ni kwamba jina la njia nzima, kuanzia juu ya moto hadi angani, liwe dohani, iwe imejengwa kwa matofali au kwa bati. Bomba la moshi libaki kwa kipande cha bomba kinachoungwa kutoka jiko hadi kwenye dohani, na hivyo fundi aambiwe waziwazi kwamba bomba lililotobolewa ukutani na kuachwa likipuliza katika ngazi za jirani si dohani. Mahali pa moto paliposimikwa katika jengo, pasipohama, paitwe meko, na jiko lende kwa chombo. Najua kwamba wako watakaosema meko ni wingi tu na kwamba tunavunja sarufi. Lakini wasemaji wengi hawalihisi tena kuwa wingi wa jiko, kwa kuwa wao husema majiko. Neno limebaki halina kazi, na neno lisilo na kazi ndilo la kwanza kutafutiwa ajira.

Sehemu za dohani hazihitaji kukopwa popote, kwa kuwa mwili wa mtu unazo. Mahali inapobana juu ya meko ni koo, kama la mtungi. Sehemu inayotokeza juu ya paa ni shingo. Kifuniko cha kuzuia mvua na cheche ni kofia. Utando mweusi unaoganda ndani na unaoweza kushika moto wenyewe ni masizi, na kazi ya kuuondoa ni kusugua koo. Kwa maneno haya kanuni ngumu husomeka. Mathalani, kanuni inayofuatwa katika nchi kadhaa husema shingo ya dohani ipande angalau sentimeta 90 juu ya mahali inapotokea kwenye paa, na sentimeta 60 zaidi ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kutoka kwake. Fundi aliyesikia shingo na koo ataikumbuka kanuni hiyo siku ya kujenga. Aliyesikia mfululizo wa maneno yaliyobunwa mezani atajenga alivyozoea.

Neno la wenye kuuzima moto limefuata njia yake yenyewe. Zimamoto ni muungano wa kitendo na jina, mfupi na wa wazi, na ndilo lililomo katika jina la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaloendeshwa chini ya sheria ya mwaka 2007. Hata hivyo abiria wa Barabara ya Morogoro wanaoteremka karibu na kituo chao husema wanashuka Faya, na sioni sababu ya kuwagombeza. Mji una haki ya majina yake ya vituo. Penye haja ya neno moja lisilo na mbadala ni katika kuomba msaada, na hapo nambari 114 imelimaliza tatizo kuliko istilahi yoyote.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 jengo kuu la Soko la Kariakoo liliungua. Lilisanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likiwa na mapaa kama miavuli iliyogeuzwa na pande zilizoachwa wazi ili upepo upite na joto lisikae. Hiyo ilikuwa busara ya ua iliyopandishwa hadi kuwa jengo la umma. Moto wa usiku ule haukuwa wa meko, lakini ulirejesha katika mazungumzo ya mji maneno ambayo hayakuwa yametajwa sana: njia ya kutokea, mlango wa dharura, kisima cha zimamoto, kizuizi cha moto. Katika wiki zilizofuata watu waliyataka maneno hayo kwa haraka, na kila ofisi ikatumia lake.

Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Nishati safi ni istilahi iliyofaulu. Imeingia redioni, sokoni na katika mazungumzo ya mama lishe. Lakini kama ilivyokuwa kwa garimoshi, neno linaweza kudumu na kutufanya tusiutazame tena mtambo. Safi hapa ina maana ya moshi kidogo na miti kuokolewa. Haina maana kwamba mtungi unaweza kuwekwa popote. Mitungi inapouzwa katika maduka ya Kariakoo, maelezo ya Kiswahili yanayofuatana nayo hayana budi kutaja mahali kabla ya kutaja matumizi: usimame wima, karibu na tundu la sakafuni, mbali na meko nyingine na mbali na njia ya kutokea. Na palipo na jiko la makaa katika chumba hicho hicho, maelezo yaseme sumu ya makaa kwa jina lake.